Mbao za sitaha ya mashua: mvule, mkongo, mninga au msaji? Wa Mikindani, Lindi na Kilwa karibuni

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Mikindani.

Haupiti mwezi bila mtu kunisimamisha njiani: "Fundi, nataka kubadilisha sitaha, ninunue mbao gani?" Namweleza, ananishukuru, na baada ya wiki mbili namkuta amenunua ule ule aliokuwa ameukusudia tangu mwanzo, kwa sababu ulikuwa mzito na muuzaji alimwambia "huu ni chuma". Nimeona niandike mara moja, kwa urefu, na wenye kujua zaidi yangu wachangie.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka 2016 nilipewa mashua ya futi 26, ya kuvulia na mara moja moja kupakia mizigo. Mwenyewe alitaka sitaha ya kupendeza, kuanzia omo, yaani mbele kabisa, hadi nyuma ya mlingoti. Nikanunua mbao za mvule kwa mfanyabiashara mmoja, jina lake nalihifadhi. Upana inchi 8, ndefu, safi kwa macho. Ilikuwa Agosti, jua kali, kusi linavuma na kukausha kila kitu. Nikazibana ubao kwa ubao mpaka ncha ya kisu haipiti. Watu walikuja kutazama, na mimi nilijiona nimefika.

Desemba mvua ikaanza. Wiki ya pili nikaitwa. Ubao wa tatu kutoka katikati ulikuwa umenyanyuka mgongo, na skrubu zake tatu zimeng'oka na vumbi la mbao. Mbao zilikuwa zimekunywa maji, zimevimba, hazina pa kwenda, zikapanda juu. Mvua zilipokwisha zikasinyaa, na sasa ukikaa chini ngamani, kwenye tumbo la chombo, unaiona mbingu. Mwaka wa pili nikagundua jambo baya zaidi. Kwenye mbao nne kulikuwa na ukanda wa rangi ya krimu pembeni, ule ubao mweupe wa nje ya kiini, upana wa vidole viwili. Niliuona siku ya kununua nikaupuuza. Nilipougusa kwa kisu, kisu kiliingia kama kwenye muhogo uliochemka.

Mbao zile zilikuwa za mvule kweli. Muuzaji hakunidanganya jina la mti. Ndiyo maana nasema swali la "mti gani" ni nusu ya swali, tena nusu ndogo. Sitaha haiuliwi na bahari. Inauliwa na mvua na jua. Chini ya maji adui ni wale wadudu wanaotoboa mbao, huko tunajua dawa zake. Juu, maji ya chumvi ni rafiki, kwa sababu ukungu unaoozesha mbao hauipendi chumvi. Maji ya mvua ndiyo yanayokaa kwenye kona, yanaingia kwenye tundu la skrubu, yanalala chini ya ubao usiopata hewa, na kuozesha taratibu bila wewe kuona. Kisha jua la saa saba linakausha upande wa juu huku wa chini ukiwa bado una unyevu, na ubao unajikunja.

Kwa hiyo ubao wa sitaha natafuta mambo haya: usivimbe na kusinyaa sana, kiini chake kisioze upesi kwa maji ya mvua, usiwe mzito kupita kiasi, na mguu mtupu usiteleze wala kuungua. Ugumu peke yake hauko kwenye hesabu yangu.

---

Nahodha Msimbati

Mwanangu, umesema kweli. Mimi nimeacha bahari, magoti hayataki tena, lakini neno moja nitaongeza. Sisi sitaha tuliimwagia maji ya bahari asubuhi kabla jua halijapanda, na jioni tena. Kila siku. Vijana wanadhani ilikuwa ni usafi tu. Mbao ikipata maji ya chumvi kila siku haipati nafasi ya kukauka mpaka kupasuka, na chumvi inaingia ndani kidogo kidogo. Jahazi likikaa pwani miezi mitatu bila kumwagiwa, hilo ndilo linalooza na kuvuja. Chombo kinachofanya kazi kinaishi.

Na kuipaka vanishi sitaha ni kumtafutia mtu kifo. Usiku, mvua, unakimbilia foromali, ule mti wa tanga, mguu unateleza, wewe uko majini.

---

Kijana wa Shangani

Shikamoo Nahodha. Mleta uzi, shukrani kwa kutuwekea wazi.

Mimi niko Mtwara mjini, nina mpango wa boti ya kupeleka wageni Mnazi Bay kuogelea na kutazama matumbawe. Kwenye mtandao naona boti za nje zote zinasifiwa kwa sitaha ya msaji wa Burma, au ubao unaoitwa "ipe" wa Brazili. Wageni wanapenda vitu hivyo. Je, naweza kuagiza? Au msaji wa kwetu unatosha?

---

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Nahodha, hiyo marahaba nakuachia wewe umwitikie kijana. Shukrani kwa nyongeza, hilo la kumwagia maji ya chumvi ningelisahau.

Kijana wa Shangani, nikupe kisa. Kuna mgeni mmoja aliwahi kutia nanga ghubani hapa Mikindani na yoti yake, akiteremka na pwani. Sitaha yake ilikuwa na mbao nne zilizochakaa karibu na omo. Akanionyesha kipande alichonunua kwao Ulaya, amekifunga kwenye kitambaa kama dhahabu. Akaniambia huu ni mti wa thamani, unaitwa "iroko", ndio mbadala wa msaji. Nikakinusa, nikakitia randa mara moja. Vile vinyuzi vinavyopishana, randa ikienda mbele inalaini, ikirudi inang'oa. Nikamwita kijana wangu nikamwuliza huu mti gani. Akajibu bila kufikiri: "Si mvule huu, fundi." Yule mgeni alibeba mvule kutoka Ulaya mpaka Mikindani, na uwanda wa Rondo, unaojulikana miaka mingi kwa mivule yake, uko pale pale mkoa wa Lindi.

Wanaouita mti wetu wa kigeni ni wao. Na mkongo wetu nao wanauuza kule kwa jina la "doussié". Usiagize kutoka mbali kitu ambacho wenzako wanakuja kukichukua mlangoni kwako.

Msaji wa Burma ni ubao bora, sitaupunguzia sifa. Una mafuta ndani yake, hauvimbi sana, hauozi, hauhitaji rangi, ukiuacha unageuka kijivu cha fedha na unaishi miongo. Lakini sifa ile ni ya miti iliyokua polepole msituni miaka mingi. Na tangu 2021 Marekani na Umoja wa Ulaya wameiwekea vikwazo kampuni ya serikali ya mbao ya Myanmar, kwa hiyo hata matajiri wanahangaika nao.

Msaji wa kwetu, mtiki kama wengine wanavyouita, wa mashamba kama Longuza kule Muheza na Mtibwa Morogoro, ni mti ule ule, lakini tazama umri. Mti uliovunwa mchanga una ubao mweupe mwingi na kiini kidogo, na kiini chenyewe hakijakusanya mafuta ya kutosha. Ukipata kiini cha mti mzee, kahawia ya dhahabu kote, ukikigusa kidole kinahisi kama umeshika mshumaa, nunua. Ukipewa ubao nusu mweupe kwa jina la msaji, huo ni ubao wa fremu ya picha. Jambo jingine, msaji una silika ndani, kama mchanga laini. Utanoa randa mara mbili zaidi ya kawaida. Na ukitaka kuugundisha, futa kwanza uso wake kwa asetoni, la sivyo mafuta yanaikataa gundi.

Sasa huo wa Brazili. Ni mgumu na hauozi, sikatai. Lakini fanya hesabu pamoja nami. Sitaha ya urefu wa mita 6 na upana wa wastani mita 2 ni mita 12 za mraba. Kwa unene wa milimita 22 unahitaji mita za ujazo 0.264 za mbao. Mvule una takriban kilo 650 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo sitaha yako ina kilo 170 hivi. Mkongo kwa kilo 800 inakuwa kama 210. Ule wa Brazili unapita kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, sitaha inakaribia kilo 280. Tofauti na mvule ni zaidi ya kilo 100, umezipandisha juu kabisa ya chombo, mahali zinapofanya mashua ilewe kwenye wimbi la ubavuni. Ni kama kuwaweka watu wawili wasioteremka kamwe juu ya sitaha. Boti ya wageni haitaki hivyo.

---

Bi Kivinje

Mimi ni mwenye vyombo, si fundi. Nina mashua mbili Kilwa Kivinje. Moja niliwekewa mkongo miaka sita iliyopita, na kwa kuoza sijaona hata alama. Lakini nina malalamiko. Mvua za kwanza maji yaliyotoka kwenye sitaha yalikuwa ya njano kama bizari. Tanga jeupe jipya lilikuwa limekunjwa juu yake, likatoka na madoa, na kanzu ya nahodha wangu vile vile. Fundi aliniambia nimeuziwa mbao zilizopakwa rangi. Kweli?

Na la pili, ndugu zangu wa Lindi wanasema siku hizi kununua mkongo ni matatizo na watu wa misitu. Naomba ufafanuzi.

---

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Bi Kivinje, shikamoo. Muuzaji hakukuonea. Njano ile ni ya mkongo wenyewe. Tazama ubao wa mkongo kwa karibu, hasa ukiwa umepasuliwa upya, kwenye vitundu vyake vidogo utaona unga wa njano. Unga ule ukipata maji unayeyuka na kutoka. Nguo nyeupe ikilala juu yake, ndiyo imekwisha. Dawa ni subira: mbao zikishapachikwa, zimwagie maji mara kwa mara, na usiweke tanga wala nguo mpaka maji yatoke meupe. Baada ya hapo kwa sitaha sijui ubao wa kwetu unaoupita mkongo kwa kutooza, na hauvimbi ovyo. Wa pwani ya kaskazini wanauita mbambakofi. Ukiona mti wenye mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, ndio huo.

Ubaya wake ni uzito, na kwamba skrubu haiingii bila kutoboa kwanza. Ukilazimisha, inakatika shingo.

Kuhusu watu wa misitu, hapa niombe wote mnisikilize, kwa sababu nimeona mtu akipoteza mzigo mzima. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mbao za miti ya asili lazima ziwe na kibali cha kuvuna, na zikisafirishwa ziwe na hati ya kusafirishia. Muulize muuzaji hati, na ukikuta anasema "hii ni ya jana usiku, chukua upesi", ondoka. Njia ninayoipenda mimi ni misitu ya vijiji. Kilwa wana historia ya kujivunia katika hili. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa shirika la uhifadhi la MCDI, ilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji Afrika walikuwa wa kwanza. Shirika lenyewe lilianza kwa ajili ya mpingo, lakini misitu ile ina mkongo na mninga pia. Ukinunua huko, fedha inarudi kijijini, na kijiji kina sababu ya kuulinda mti mchanga ukue.

Kwa anayejenga hapa hapa, hayo yanatosha. Lakini kwa wanaouza mbao au boti nje ya nchi, mjue kwamba kwenye mkutano wa Panama, Novemba 2022, wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mkongo, mninga na mkangazi wa Afrika vyote viliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya vitu vinavyohitaji kibali kuuzwa nje. Mpingo uliingia tangu 2017. Ubao uliopasuliwa unahesabika. Mgeni wa yoti akikuomba mbao tano za mkongo akaondoke nazo, mwambie atafute kibali.

---

Korosho Kwanza

Mbona hamtaji mwembe? Babu yangu Mchinga alijengea mwembe kila kitu, mbao za ubavuni, sitaha, na mikorosho ya kando ya shamba alikuwa anatafuta matawi yaliyopinda ya mataruma, zile mbavu za ndani za chombo. Hizi mvule mkongo ni za wenye fedha. Wengine siku hizi wanaweka plaiwudi na kumalizia kwa faiba, kazi imekwisha kwa wiki moja.

---

Nahodha Msimbati

Marahaba Shangani, marahaba wote.

Korosho, babu yako namheshimu. Lakini mwulize alibadilisha mbao zile mara ngapi. Mwembe tuliutumia kwa sababu ulikuwa shambani, mpana, na unafanyika kirahisi kwa tezo. Ubavuni unapakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini deheni ya chokaa na mafuta kila baada ya muda, na bahari inaulinda. Ukiuweka juu kwenye mvua, misimu michache tu unaanza kulainika. Zamani mti ulikuwa bure na mikono ilikuwa mingi. Leo hesabu siku za fundi.

Na umesema jema kuhusu matawi yaliyopinda. Taruma la tawi lililopinda lenyewe halikatiki, nyuzi zinafuata mkunjo.

---

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Nakubaliana na Nahodha. Nyongeza kuhusu plaiwudi: si mbaya, ila iwe ile ya baharini, na kila ukingo na kila tundu lizibwe kwa epoksi kabla ya faiba. Zile za kujengea dari za nyumba, maji yakiingia tundu moja tu inapasuka tabaka kwa tabaka, na faiba juu inaficha. Nimebandua sitaha iliyokuwa inang'aa juu, chini yake nikazoa uji. Wapo wanaoweka plaiwudi chini na mbao nyembamba juu, ni njia nzuri kwa boti ya wageni kwa sababu haivuji, lakini usipige skrubu zinazotoboa plaiwudi kila mahali. Gundisha.

Sasa nifike pale ninapopapenda, kupasua na kukausha. Hapa ndipo nilipoanguka 2016.

Ukienda kwenye yadi, usitazame uso wa ubao. Inama, tazama kichwa chake, pale ulipokatwa. Utaona mistari ya ukuaji wa mti. Kama imelala kama mikeka iliyopangwa, ubao huo umepasuliwa bapa. Kama imesimama wima kama meno ya kitana, umepasuliwa kupitia kiini. Kwa sitaha chagua wima. Ubao bapa huvimba na kusinyaa upanani karibu mara mbili ya ule wa wima, na jua likiupiga unajikunja kama kigae na nyuzi zake zinanyanyuka, zinachoma miguu. Mbao za wima ni chache kwenye gogo, na mpasuaji atakunung'unikia. Mlipe zaidi kidogo, au nunua gogo mkubaliane kabla msumeno haujawashwa.

Pili, upana. Ubao wangu wa inchi 8 ni kama milimita 200. Ukivimba asilimia 2 tu, umeongezeka milimita 4. Mbao kumi na mbili zilizobanana zikivimba hivyo, nguvu ile haina skrubu ya kuizuia. Ukipasua vipande vya milimita 45, kila kimoja kinaongezeka chini ya milimita moja, na kati ya kipande na kipande unaacha mshono wa milimita 4 au 5 unaopokea mchezo huo. Ndiyo sababu sitaha nzuri duniani kote ina mistari mistari. Watu wanadhani ni urembo.

Tatu, kukausha. Kwa kupanga kivulini na vijiti katikati, hewa ipite, ubao wa inchi moja nauhesabia karibu mwaka. Usiuanike juani, utapasuka vichwani. Vichwa vipake rangi ya mafuta siku ile ile ya kupasuliwa, kwa sababu maji yanatoka upesi zaidi pale. Utajuaje umekauka? Mimi nakata kipande kimoja cha futi moja, nakiandika tarehe, nakipeleka kwa jirani yangu wa duka nakipima kwenye mizani yake kila Ijumaa. Kikipungua, bado. Kikikaa uzito ule ule Ijumaa nne mfululizo, kimefika. Yule jirani mwanzoni alidhani nina wazimu, sasa ananikumbusha mwenyewe: "Fundi, kipande chako leo hujaleta."

---

Seremala wa Ndoro

Mkuu uzi umetulia. Mimi seremala Lindi, vyombo nafanya kiasi lakini samani nimefanya zaidi ya miaka ishirini. Nakupinga kwa heshima kwenye mvule. Mvule una mawe! Nimeharibu meno ya msumeno wa mviringo, cheche zimetoka, ndani ya ubao kumbe kuna jiwe jeupe la ukubwa wa yai. Na vumbi lake, kuna kijana wangu macho yanavimba na kifua kinabana, akaacha kazi. Mninga unafanyika kama siagi, hausinyai, mwepesi, kiini hakiozi. Kwa nini mninga usiwe wa kwanza?

---

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Hoja zako zote ni za kweli, Seremala. Mawe yale ni chokaa ambayo mti wenyewe unaitengeneza, mara nyingi pale ulipopata jeraha. Huwezi kuyaona kwa nje. Ndiyo maana mvule ulio na fundo au kovu mimi naupita kwanza kwa patasi ya zamani, nasikiliza, kabla ya kuupa mashine. Na vumbi lake ni kitu cha hatari, si cha kuvumilia kiume. Barakoa, na kazi nje penye upepo. Ila hata vumbi la mninga linawapiga watu pua, barakoa usiiache.

Kwa kutulia, mninga unaupita mvule, nakiri. Ubao wa mninga ukiupanga leo, mwakani uko pale pale. Kwa boti ndogo, ya kasi, ambayo kila kilo inahesabika, mninga wa kiini kitupu, uliopasuliwa wima, ningeutumia bila wasiwasi. Sababu ya kutouweka wa kwanza ni mbili. Ni laini kidogo, na sitaha ya mvuvi inaburuzwa nanga, madema na masanduku ya barafu. Na ile sehemu nyeupe ya mninga ni pana na inaoza upesi, na wauzaji wetu hawapendi kuikata. Ubao ukishapunguzwa weupe, unabaki mwembamba na umelipia wote.

Kwa hiyo mpangilio wangu mimi, wa mashua ya kazi: mkongo kwenye mbao za ukingoni kuzunguka chombo, pale panapogongwa na panapokutana na mataruma, na chini ya mlingoti. Mvule wa wima, vipande vya milimita 45, katikati. Mninga ndani, viti na masanduku. Boti ya wageni, mninga au msaji mzee katikati. Mpingo usiuguse kwa sitaha, hata ukipewa bure. Unazama majini, ni mfupi, umepinda, na mafundi wa klarineti duniani wanausubiri. Kuukanyaga ni kuudhulumu mti.

---

Seremala wa Ndoro

Hapo nimekuelewa. Na misumari? Mvule ukipigwa msumari wa chuma unatoa machozi meusi, nimeona kwenye milango.

---

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Ni kweli, chuma na maji na mvule vinatoa weusi usiofutika, na pale penye weusi ubao unakufa kuzunguka msumari. Bora ni skrubu ya shaba nyeusi, bronzi. Ghali, lakini utazitoa baada ya miaka ishirini na kuzitumia tena. Zile za chuma kisichoshika kutu, watu wengi hawajui, zinahitaji hewa. Zikizikwa kwenye ubao wenye unyevu zinaliwa kimyakimya shingoni, kichwa kinang'aa, ukigusa kinatoka chenyewe. Kama huna uwezo, msumari wa chuma uliochovywa kwenye zinki ya moto, ulioviringishiwa pamba na mafuta.

Zamisha kichwa cha skrubu, ziba juu kwa kizibo cha mti ule ule, nyuzi za kizibo zifuate nyuzi za ubao. Kisha kalafati, yaani kuziba mishono: pamba kwanza, isukumwe isijae sana, juu yake gundi ya mpira ya kubaki laini. Gundi ile ishike pande mbili za mshono, isishike chini. Ikishika chini inachanika ubao ukijivuta. Na sitaha yenyewe ipe mgongo, katikati iwe juu kuliko kando, maji yashuke yenyewe. Chini yake acha hewa. Kifuniko cha ngama kifunguliwe mchana mashua ikiwa pwani.

Kusugua ni kwa brashi laini, ukikata nyuzi, si kuzifuata. Ukisugua kwa kuzifuata unachimba sehemu laini na kuacha mifereji.

---

Kijana wa Shangani

Mkuu, umenifungua macho. Swali la mwisho. Shemeji yangu Nachingwea ana mbao 14 za mvule, anasema zilipasuliwa mwezi wa nne mwaka huu, ziko kwenye banda la korosho, zimelazwa zikigusana. Anataka tuzilete Mtwara wiki ijayo fundi aanze kabla ya mvua. Nifanyeje?

---

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Mpigie leo, azitenganishe. Vijiti vya ukubwa mmoja, kila futi mbili, vyote vipangane juu kwa juu kwa mstari mmoja, na mawe mazito juu kabisa. Mbao zinazogusana bandani zitaota ukungu wa bluu katikati, na banda la korosho msimu ukianza halitakuwa na hewa wala nafasi. Apake vichwa rangi. Akupigie picha za vichwa vyote 14, uniletee hapa tuhesabu wima ni ngapi. Na aulize hati ya usafirishaji kabla hamjatafuta gari.

Fundi usimruhusu aanze. Mwaka huu mjenge mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma na ubavu. Mkate kipande cha futi moja, mtafute mwenye mizani.